Kabla mvua za Septemba hazijaanza: kuandaa gari, na kujiandaa kulala njiani

Mwezi wa Agosti unapokaribia kwisha, vumbi likiwa bado limelala juu ya majani ya migomba kando ya barabara ya Nyangezi, wenye magari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huanza kutazama mawingu yanayojikusanya upande wa mlima Kahuzi. Mvua za kwetu huanza Septemba na hazituachi mpaka Mei, na katika muda huo wote karibu kila barabara inayotoka mjini hubadilika tabia. Anayekwenda Uvira kwa barabara ya taifa namba 5 ana mteremko wa Ngomo mbele yake. Anayekwenda Goma kwa namba 2 atapita Kalehe, Nyabibwe na Minova, milima ikiwa upande mmoja na ziwa Kivu upande wa pili. Anayekwenda Bunyakiri kwa namba 3 atavuka msitu wa Kahuzi-Biega, ambako ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka.

Jamaa zetu waliohamia Kanada na nchi za kaskazini mwa Ulaya huandaa magari yao kila mwaka kabla theluji haijaanguka. Hufunga matairi ya majira ya baridi, huweka koleo, blanketi, chakula na mfuko wa mchanga ndani ya buti, na hawaachi mafuta kushuka chini ya nusu ya tangi, kwa kuwa mtu aliyezibiwa njia na theluji anaweza kukaa garini saa nyingi akiwasha injini mara kwa mara ili apate joto. Nimewasikia watu wa hapa wakiyacheka maandalizi hayo, wakisema kwamba Mungu alitupa nchi isiyo na theluji. Alitupa pia udongo wa mfinyanzi, ambao ukilowa humnyima tairi mshiko bila huruma, na usiku wa kukwama haupambanui nchi: ni baridi, giza na njaa kwenye barabara ambayo haitapitika mpaka kesho.

Jambo ninalotaka kulisema ni moja, na mengine yote yanalitumikia: maandalizi mema humpa shoferi uwezo wa kusimama. Wengi wetu hununua gari la juu lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne tukiamini kwamba tumenunua ruhusa ya kupita popote. Lakini ukisikiliza kwa makini habari za magari yaliyosombwa au kuviringika, mara nyingi utakuta mtu ambaye hakuwa na namna ya kungoja: hana blanketi, hana chakula, watoto wanalia nyuma, simu imezimika, na usiku unaingia. Mtu wa namna hiyo atavuka mto ambao asingeuvuka kama angekuwa na mambo ya kumtosha mpaka asubuhi.

Nianze na maji, kwa sababu hayo hayampi mtu nafasi ya pili. Maji yanayokwenda kwa kasi, yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuyainua magari mengi madogo. Na sentimita 60 huyabeba magari mengi tunayoyategemea, pamoja na yale ya juu. Hesabu yake si ngumu. Sakafu ya gari dogo ina eneo la karibu mita 6 za mraba, na kila sentimita 10 za maji yanayopanda juu ya sakafu hiyo, kabla hayajapenya ndani, hulisukuma gari kwenda juu kwa nguvu ya kubeba kilo 600. Gari la kilo 1,200 linahitaji sentimita 20 za namna hiyo ili magurudumu yake yaache kukanyaga chini, na kuanzia hapo usukani hauna kazi tena. Hata muda mrefu kabla ya kuelea, uzito uliobaki juu ya matairi huwa mdogo kiasi kwamba mkondo wa pembeni hulisogeza gari taratibu kuelekea bondeni.

Upo pia ubaya wa pili, ambao hauui mtu lakini huua injini. Pistoni imetengenezwa ili ikandamize hewa, na maji hayakandamiziki. Yakivutwa kupitia njia ya hewa mpaka ndani ya silinda, mkono wa pistoni hupinda au kuvunjika kwa mzunguko mmoja tu. Kwa hiyo gari likizimika ndani ya maji, usiligeuzie ufunguo tena hata mara moja. Mafundi wanaweza kuiokoa injini iliyozimika ikiwa imelowa, kwa kufungua plagi au nozeli na kuyatoa maji. Injini iliyolazimishwa kuwaka ikiwa na maji ndani hupelekwa kufunguliwa yote.

Mito ya milimani kwetu hupanda ghafla na mara nyingi hushuka vilevile. Njia ninayoipenda ni ya wenyeji: chomeka kijiti au weka jiwe pale ukingo wa maji ulipo, kisha keti na uangalie. Jiwe likimezwa, maji bado yanapanda, na hapo uondoe gari lirudi nyuma juu zaidi. Likibaki kavu na ukingo ukasogea mbali nalo, maji yanashuka, nawe unaanza kuhesabu saa. Usimtume kijana aingie kupima kina kwa miguu yake, hata akijitolea mwenyewe kwa malipo.

Hatuwezi kuzungumza maji hapa bila kuitaja Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa iliifanya mito ifurike na milima iporomoke huko Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Miaka mitatu kabla yake, mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira ukaua watu wengi na kubomoa nyumba kwa maelfu. Matukio haya yote mawili yalitokea mwishoni mwa majira ya mvua, wakati udongo ulikuwa umeshakunywa maji kwa miezi mingi na hauna tena pa kuyaweka. Mimi huuogopa mwezi wa Aprili kuliko Oktoba kwa sababu hiyo, ingawa Oktoba ndiyo inayotutisha kwa tope jipya. Mlima unaotaka kushuka hutoa dalili: mawe madogo yanayodondoka barabarani bila kusukumwa na mtu, nyufa mpya kwenye ukingo, miti iliyoinama kuelekea njia, au kijito kilichokuwa na maji mengi ambacho kinapungua ghafla, maana yake ni kwamba kitu fulani kimekiziba huko juu. Ukiona hili la mwisho usisimame kulishangaa, ondoka bondeni.

Sasa gari lenyewe. Matairi kwanza. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji ya karibu milimita 8, na nchi nyingi za Ulaya hukataza kuendesha ikishuka chini ya milimita 1.6, lakini kiwango hicho ni cha lami. Kwa mvua, tairi lililofika milimita 3 tayari limechoka, kwa kuwa mifereji haitoshi tena kuyatoa maji yaliyo chini yake. Kwa tope la Walungu au Bunyakiri, hata 5 ni chache. Wengi wetu tunanunua matairi yaliyokwisha kutumika Ulaya au Japani, ambayo huonekana mapya kwa mifereji yake na huku mpira umeshakuwa mgumu. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 3517 ina maana ya wiki ya 35 ya mwaka 2017. Mpira mgumu hauushiki mwamba uliolowa, hata mifereji iwe mirefu kiasi gani. Kama fedha inatosha matairi mawili tu mazuri, huenda muuzaji akakushauri uyafunge mbele. Mimi huyafunga nyuma, kwa sababu gari likianza kuteleza mbele shoferi huhisi kwenye usukani na kupunguza mwendo, lakini likiteleza nyuma hugeuka kabla hajafahamu. Tairi la akiba nalo likaguliwe, pamoja na jeki na ubao mpana wa kuweka chini yake, maana jeki isiyo na ubao huzama katika udongo na gari hubaki palepale. Vijana wa kwado, wale wanaoziba matairi, wapo kila kona ya mji, lakini kati ya Nyangezi na Kamanyola, kwenye njia ya Uvira, kona ni nyingi kuliko wao.

Breki zinastahili maneno mengi kuliko matairi. Ngomo inakushusha mamia ya mita kutoka nyanda za juu mpaka bonde la Ruzizi, na nishati yote hiyo lazima iende mahali. Gari la tani 2 linaloshuka mita 500 hutoa joto ambalo lingetosha kuchemsha karibu lita 30 za maji. Ukilishusha kwa kukanyaga breki tu, joto hilo linaingia kwenye diski, pedi, na mwisho kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani: yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kipimo chake cha chini ni nyuzi 155. Yakichemka, mapovu huingia katika mabomba, na mguu wa shoferi hushuka mpaka sakafuni bila kupata upinzani wowote. Fundi wangu wa mtaa wa Kadutu hapa mjini, mzee ambaye sote tunamwita Papa bila kutaja jina, huyabadilisha kila baada ya miaka miwili hata kama mwenye gari ananung'unika. Anasema hivi: «Mwanangu, bei ya chupa hii unaijua, bei ya Ngomo huijui.» Kisha hukumbusha kwamba gari lishushwe kwa gia ileile ambayo lingepandia. Wenye gia za kujibadilisha wasijidanganye kwamba wao hawana cha kufanya, kwani herufi L au namba 2 kwenye rungu la gia iliwekwa kwa ajili ya milima kama hii.

Mambo mengine ya gari nitayapitia upesi. Mipira ya wipa huungua kwa jua la kiangazi, na ni rahisi kuibadilisha mwezi wa Agosti kuliko kuitafuta Nyabibwe wakati wa dhoruba. Katika ukungu washa taa za chini, kwa maana taa kubwa huurudisha mwanga wote machoni mwako. Betri iliyo dhaifu itakuangusha usiku utakaowasha taa, wipa na feni ya kioo kwa pamoja. Kuhusu mafuta, jaza tangi kwenye kituo kabla ya kutoka mjini, ili usilazimike kununua kwa kadafi, wauza mafuta wa kando ya njia, madumu ambayo yamelala mvuani. Na kama gari lako ni la dizeli, fungua kile kizibo cha chini ya chujio la mafuta umwage maji yaliyotulia humo. Nusu ya tangi ya watu wa theluji ni kanuni nzuri kwetu pia, kwani anayeweza kugeuza na kurudi alikotoka ana uhuru ambao mwenye taa nyekundu ya mafuta hana.

Kwa tope, vifaa vyenyewe havina maajabu: koleo, panga, mbao mbili zenye urefu wa karibu mita moja, kamba nene, pampu ya upepo, na kwa wanaokwenda mbali, minyororo ya kuvisha matairi, ileile inayotumika kwenye theluji na ambayo malori yetu huitumia tangu zamani. Gurudumu likianza kuzunguka mahali pamoja, ondoa mguu mara moja, kwa sababu kila mzunguko unachimba. Chimba mbele ya magurudumu kwa koleo mpaka upate njia yenye mwinuko mdogo, tanguliza mbao au matawi, kisha ondoka kwa gia ya pili bila kuipa injini moto. Kama haikutosha, punguza upepo wa matairi kufikia karibu bari 1.5, ili tairi litandaze mguu wake juu ya eneo kubwa zaidi, na ukishatoka uujaze tena kabla ya kushika mwendo, kwa maana tairi lenye upepo mdogo hupata joto na linaweza kupasuka.

Vijana wa vijiji vya njiani hujitokeza haraka kusukuma, na wanastahili malipo yao, ambayo ni vema yakubaliwe kabla kazi haijaanza. Jukumu la usalama wao hata hivyo linabaki kwa mwenye gari. Asisimame mtu nyuma ya gurudumu linalozunguka, wala karibu na kamba inayovutwa, wala kwenye mstari wake. Kamba ikikatika, au ndoano ikang'oka, hurudi kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Koti zito au gunia lililolowa likiwekwa katikati ya kamba hupunguza mruko huo. Kamba nayo ifungwe kwenye chesisi, isifungwe kwenye bampa.

Kwenye barabara za udongo utakutana pengine na kizuizi cha mvua, kijiti kilicholazwa njiani ili malori yasubiri udongo ukauke. Watu hulalamika, wengine hutafuta namna ya kumlainisha mlinzi. Naomba nitofautiane nao: lori moja linalopita saa moja baada ya mvua huacha mifereji ambamo sisi wenye magari madogo tutazama msimu mzima, na mlinzi anayekataa anatufanyia kazi nzuri kuliko greda litakalokuja mwakani.

Tukishakubali kungoja, basi tungoje vizuri. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo aliyeondoka Uvira na shati la mikono mifupi akitokwa na jasho, kisha akakwama usiku kwenye msitu wa Kahuzi, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ameingia nchi nyingine. Nguo zilizolowa humpora mtu joto haraka kuliko baridi yenyewe. Mimi hufunga katika mfuko wa plastiki nguo kavu za kubadilisha, soksi, na blanketi moja kwa kila watu wawili. Maji ya kunywa lita 3 kwa mtu. Karanga, biskuti na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga. Taa ya kichwani, maana tochi ya mkononi inamnyima mtu mkono mmoja. Na betri ya kuchajia simu. Dawa za wanaozitumia kila siku, za kisukari, shinikizo la damu au pumu, zibebwe za siku tatu hata kama safari ni ya nusu siku. Noti ndogo za faranga nazo zina kazi yake, kwani usiku huo hakuna mwenye chenji ya dola.

Katika nchi za theluji watu hufa ndani ya magari yao kwa sababu theluji imeziba bomba la moshi huku injini ikiunguruma, na gesi ya sumu iliyomo katika moshi huo haina harufu wala rangi. Tope linaweza kuziba bomba hilo vilevile. Ukitaka joto, shuka kwanza, uhakikishe bomba liko wazi, washa injini kwa dakika kumi hivi huku dirisha moja limefunguliwa kidogo, kisha uizime, na asilale mtu yeyote injini ikiwa inawaka. Wala jiko la makaa lisiingizwe garini, hata dogo.

Radi nayo isisahauliwe, maana mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Ndani ya gari lenye bodi ya chuma uko salama kuliko chini ya mti, kwa sababu umeme hupita kwenye bati la nje na kwenda ardhini. Koleo lingoje dhoruba ipite.

Kabla ya kuondoka, mwambie mtu mmoja wa nyumbani njia utakayopita, na saa ambayo akiwa hajakusikia aanze kuuliza. Pale mtandao unapokuwa hafifu, ujumbe mfupi hupenya mahali ambapo simu ya sauti hukatika. Waulize mashoferi wanaotoka unakokwenda, maana wao ndio wenye habari ya asubuhi ile. Usalama dhidi ya watu wenye silaha sitauzungumzia hapa. Una njia zake za kuulizwa, nasi sote tunaziuliza kila siku.

Linabaki shinikizo la abiria, ambalo kwangu ni gumu kuliko tope. Mbele ya mto uliojaa, daima yupo mtu atakayesema: «Shoferi, twende tu, wenzetu wamepita.» Ukiwa na chakula na blanketi, jibu linapatikana bila ugomvi: «Mama, tutakula kwanza, tuangalie hili jiwe.» Ukiwa huna kitu, huna jibu. Ndiyo maana mimi huwaeleza abiria kabla gari halijawashwa kwamba huenda tukalala njiani, na anayeona hawezi hubaki mjini bila chuki.

Ukirudi salama, kazi haijaisha. Osha tope lililokauka kwenye rejeta, la sivyo injini itapata joto kwenye mlima unaofuata. Osha pia ndani ya rimu, kwani donge la tope upande mmoja huyumbisha usukani. Kama ulivuka maji yaliyofika kwenye mhimili wa magurudumu, mwombe fundi afungue oili ya difu, lile sanduku la gia la kwenye mhimili, siku hiyohiyo au kesho yake: difu iliyokuwa na joto ikizamishwa ghafla kwenye maji baridi huyavuta ndani kupitia kipumulio chake. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe yote na kubadilishwa kabla gari halijapangiwa safari nyingine.